Nyekundu Ipi?

Mbuyu hauoti kwenye baridi ya Sumbawanga, lakini ubuyu hauadimiki mjini. Huletwa kutoka sehemu za joto, mkavu, mweupe na mchachu, na ukishapita kwenye sufuria ya sukari hutoka na wekundu wa kutia doa midomo na vidole hadi jioni. Wekundu huo haumo kwenye tunda. Umetiwa kwa ncha ya kijiko kutoka kwenye kifuko cha plastiki kilichonunuliwa sokoni, na mara nyingi kifuko chenyewe hakina maandishi yoyote. Ukitembea kutoka Mazwi hadi Chanji utaikuta rangi hiyo, au ndugu zake wa njano na kijani, kwenye juisi za kufunga, barafu za watoto wa shule, keki za kipaimara, na kwenye ile sosi ya chipsi ambayo nyanya zimepita mbali nayo.

Watu wananiuliza: rangi hii ina madhara? Wanataka ndiyo au hapana, na wengi wameshapokea kwenye simu ujumbe unaosema Wazungu wameipiga marufuku, sisi tunaletewa mabaki. Siwezi kuwapa ndiyo wala hapana, kwa sababu "rangi nyekundu ya chakula" si kitu kimoja. Kuna alura redi, namba 129. Kuna ponso 4R, namba 124. Kuna kamoisini, 122, na eritrosini, 127. Kwenye glasi ya juisi macho hayazitofautishi, ila mwilini kila moja ina njia yake na kiwango chake. Kwanza nijue ni nyekundu ipi, imetiwa kiasi gani, na anayeinywa ana kilo ngapi.

Namba hizo ni za utaratibu wa kimataifa, na kwenye lebo huanza na herufi E au INS. Kuanzia 100 hadi 199 nyingi ni rangi. Ukikariri 102 ambayo ni tatrazini, 110 ambayo ni sanseti yelo, na hizo nyekundu nne nilizotaja, utazisoma lebo nyingi za pipi, biskuti na juisi za unga zilizoko kwenye maduka yetu.

Chanzo chake ni kisa kinachotuhusu kuliko tunavyodhani. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 wa London, William Henry Perkin, alikuwa akijaribu kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na lami ya makaa ya mawe. Dawa haikupatikana, alipata zambarau ya kutia nguo. Viwanda vya rangi vilizaliwa hapo, na tatrazini ilifuata mwaka 1884 kutoka kwa Johann Heinrich Ziegler huko Uswisi. Leo malighafi ni petroli badala ya lami. Jambo hilo la petroli ndilo linalowatisha watu zaidi, na kwangu ndilo lenye uzito mdogo kuliko yote. Panado unayompa mtoto mwenye homa nayo malighafi yake hutoka huko huko. Tunachopaswa kupima ni kile kilichomo kwenye chembe ya mwisho na kiasi chake.

Wanaopima kwa niaba ya dunia ni kamati ya wataalamu ya FAO na WHO iliyoanza kazi mwaka 1956, inayojulikana kwa kifupi chake, JECFA. Huchambua tafiti za panya waliolishwa rangi kwa muda mrefu, hutafuta dozi kubwa kabisa ambayo haikuleta badiliko lolote baya, kisha kwa kawaida huigawa kwa 100. Kinachobaki ndicho kiwango ambacho mtu anaweza kula kila siku ya maisha yake, kwa kila kilo ya uzito wake. Kwa tatrazini kamati iliweka miligramu 10 mwaka 2016. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, inashikilia 7.5. Tofauti hiyo ni ndogo. Kwenye ponso 4R si ndogo hata kidogo: JECFA inasema miligramu 4, EFSA tangu 2009 inasema 0.7.

Sasa tuzipeleke namba hizi Ufipa, yaani huku Sumbawanga mkoani Rukwa, ambako kuna jambo ambalo waandishi wa viwango hawakulifikiria.

Rukwa ni ghala. Mahindi yake yanalisha mikoa mingine, na Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una kanda yake Sumbawanga. Hata hivyo utafiti wa afya na idadi ya watu wa 2015/16 ulikuta watoto zaidi ya nusu wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, asilimia 56, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Utafiti wa 2022 ulikuta karibu nusu. Mahindi yapo, vinavyokosekana sahanini ni maharage ya kutosha, samaki, maziwa, matunda na mafuta. Mtoto wa miaka mitatu anayekua vizuri ana kilo 14 hivi. Yule aliye mwishoni mwa mstari unaokubalika kwenye kadi ya kliniki ana kilo 11. Kiwango kinahesabiwa kwa kilo, kwa hiyo mtoto aliyedumaa hukifikia mapema kuliko mwenzake anayekunywa naye juisi ileile kwenye benchi moja.

Chukua juisi yenye tatrazini miligramu 100 kwa lita. Kwa hesabu ya Ulaya, mtoto wa kilo 11 anaweza kunywa zaidi ya chupa mbili za soda kila siku kabla ya kugusa mpaka. Siipendi lishe hiyo, lakini si sumu. Weka ponso 4R badala yake, kwa miligramu 50 kwa lita ambazo Codex, yaani kanuni za chakula za kimataifa, inaziruhusu kwenye vinywaji vya aina hiyo. Kwa hesabu ileile ya Ulaya mtoto huyo amefika mpakani kabla ya kumaliza nusu chupa. Kwa hesabu ya JECFA bado ana nafasi kubwa. Wataalamu wanaoheshimika wanatofautiana karibu mara sita juu ya nyekundu moja, na mama anayenunua juisi hajui kama ndiyo iliyomo.

Kuvuka mpaka siku moja hakumuui mtu. Ule mgawanyo kwa 100 uliwekwa ili kuwe na nafasi ya makosa. Nina wasiwasi na nafasi hiyo kuliwa kila siku na jikoni zisizo na mizani. Kijiko kimoja cha chai, kilichosawazishwa, huchukua karibu gramu 3 za unga laini. Kama ni rangi safi isiyochanganywa na chumvi au sukari, ukikitia kwenye ndoo ya lita 20 umepata miligramu 150 kwa lita. Kwa ponso hiyo ni mara tatu ya kikomo cha Codex, kwa kijiko kimoja tu, na wanaotengeneza juisi za kufunga hawasawazishi kijiko. Wanatia mpaka rangi ikolee, kwa sababu mteja wa shule ya msingi anachagua iliyokolea. Simlaumu mama anayezitengeneza. Hakuna aliyempa kipimo, na kifuko alichouziwa hakisemi kama ndani mna rangi tupu au robo yake.

Turudi kwenye ujumbe wa simu. Una ukweli uliochanganywa ovyo. Januari 2025 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilifuta ruhusa ya eritrosini kwenye chakula, na viwanda vilipewa hadi Januari 15, 2027 kuiondoa kwenye vyakula. Sababu ilikuwa uvimbe kwenye tezi ya shingo ya panya dume waliolishwa dozi kubwa, na FDA yenyewe ilieleza kwamba njia inayoleta uvimbe huo kwa panya haitokei kwa binadamu. Ilibidi ifute kwa sababu sheria ya Marekani kuhusu rangi, tangu 1960, inakataza chochote kilichowahi kuleta saratani kwa mnyama, bila kuuliza dozi. Kiwango cha JECFA kwa eritrosini kimebaki miligramu 0.1 kwa kilo, kidogo kuliko nyekundu nyingine zote nilizotaja, na hicho ndicho ningekiangalia kama ningekuwa mwoka keki. Aprili mwaka huohuo serikali ya Marekani ilitangaza nia ya kuziondoa rangi nyingine za petroli, kwa kiasi kikubwa kwa kutegemea hiari ya viwanda. California ilikuwa imeshapitisha sheria Septemba 2024 ya kuziondoa sita kwenye vyakula vya shule za umma kuanzia mwisho wa 2027.

Ulaya nayo haikupiga marufuku tatrazini, kinyume na ujumbe unavyosema. Mwaka 2007 watafiti wa Southampton, Uingereza, waliwapa watoto karibu 300, wa miaka mitatu na wa minane hadi tisa, vinywaji vyenye mchanganyiko wa rangi pamoja na sodiamu benzoeti, ile dawa ya kuhifadhi soda. Baadhi yao walizidi utukutu na kushindwa kutulia. Athari ilikuwa ndogo, ilitofautiana sana kati ya mtoto na mtoto, na haikuwezekana kusema ni rangi gani iliyoileta, maana zilitiwa pamoja. Bunge la Ulaya halikusubiri uhakika zaidi. Tangu Julai 20, 2010, bidhaa yenye mojawapo ya rangi sita, zikiwemo tatrazini, sanseti yelo, ponso 4R, kamoisini na alura redi, lazima ibebe onyo kwamba inaweza kuathiri utulivu na umakini wa watoto. Viwanda vingi vikabadilisha rangi kwa kuogopa onyo lenyewe. Naona walifanya sawa. Rangi haina virutubisho wala haihifadhi chakula, kwa hiyo hata shaka ndogo inatosha kuiweka kando pale mlaji ni mtoto. Kwa dawa ya kuokoa maisha nisingesema hivyo.

Wapo wachache ambao tatrazini huwatoa vipele vya kuwasha. Mwenye historia hiyo asome lebo za dawa za maji pia, kwani nazo hutiwa rangi.

Yote hadi hapa yanahusu rangi halali. Ningekuwa na siku moja tu ya ukaguzi sokoni Sumbawanga, nisingeitumia kuwinda tatrazini. Ningefuata kifuko kisicho na jina, maana ndani yake panaweza kuwa na rangi ambayo haikutengenezwa kuliwa kabisa. Rodamini B ni ya nguo na karatasi. Ni waridi kali yenye kung'aa na bei yake ni ndogo. Februari 2024 jimbo la Tamil Nadu, India, lilipiga marufuku pamba za sukari baada ya kuikuta humo. Mwaka 2005 Uingereza iliondoa madukani mamia ya vyakula kwa sababu ya pilipili ya unga iliyotiwa Sudan I, rangi ya nta na mafuta ya mashine. Mwaka 2015 mamlaka ya Ghana ilikuta Sudan IV kwenye mawese ya masokoni. Sisemi mawese yanayoshuka Kasanga na Kipili yana kitu hicho. Ninasema kwamba kila mahali rangi inapopandisha bei, yupo atakayeitafuta ya bei rahisi, na duka linalouza kwa kijiko rangi ya ukindu na rangi ya keki kwenye meza moja limeshaandaa njia.

Upande wa dini na miiko hali ni tofauti na inavyodhaniwa. Waislamu na Wasabato huniuliza kama rangi za viwandani zinawafaa, wakiamini kwamba "ya asili" ndiyo salama zaidi. Tatrazini na wenzake hazina mnyama wala mdudu ndani. Iliyo ya asili, na inayoleta utata, ni kamini, namba 120, nyekundu ya mtindi wa waridi na pipi za bei ya juu. Hutolewa kwa kusaga wadudu wadogo wanaoishi kwenye dungusi, wengi wao kutoka Peru, na ratli moja ya rangi inahitaji wadudu kama 70,000. Wanazuoni wengi wa Kishafii, madhehebu ya Waislamu walio wengi Afrika Mashariki, hawaruhusu kula wadudu isipokuwa nzige. Hata hivyo Baraza la Ulamaa la Indonesia, nchi ya Kishafii pia, lilitoa fatwa ya kuiruhusu kamini mwaka 2011. Msabato anayefuata Walawi sura ya 11 ataikataa kwa hoja yake. Mfipa Mkatoliki aliyezoea kumbikumbi mvua za kwanza zinapoanza huenda asione tatizo lilipo. Jambo la kuangalia kwenye rangi za viwandani ni kibebeo chake, yaani gelatini, au pombe inayoyeyusha rangi za maji za keki. Hapo ndipo cheti cha halali cha BAKWATA, baraza la Waislamu nchini, kinapokuwa na kazi. Rangi yenyewe haina neno.

Nina jambo jingine, na kwangu ni zito kuliko miligramu. Rangi ni ahadi. Njano ya juisi inamwambia mtoto hapa pana embe, nyekundu inasema nyanya au zabibu, na tumbo lake lililozoea ugali linaamini. Ndani mna maji, sukari na asidi. Shilingi mia ya mapumziko ikiishia hapo, haikununua parachichi wala ndizi. Kwenye mkoa usio na udumavu huo ungekuwa upotevu mdogo. Kwa Rukwa, upotevu huo ni sehemu ya ugonjwa wenyewe. Na ubuyu unaniudhi kuliko vyote, kwa sababu tunda lenyewe ni jema, lina vitamini C tele, na uchachu wake ungetosha kuuza. Tumeutia rangi ili ufanane na pipi.

Njia nyingine za kupata rangi zipo na hazihitaji maabara. Rozela, ambayo wengine huiita choya, hutoa nyekundu nzuri kwenye maji ya moto, na kwa kuwa nayo ni chachu inaelewana na ubuyu. Bitiruti hufaa kwenye barafu, ingawa kwenye keki hufifia kwa moto. Mzingefuri wa Zanzibar na manjano hutoa rangi ya wali na siagi. Mawese ya Kigoma ni mekundu kwa karotini ambayo mwili huigeuza vitamini A. Hiyo ni rangi inayolisha. Rangi hizi zote hazikolei kama ile ya kifuko, hufifia juani, na gharama ni kubwa kidogo. Mwenye kuuza lazima ajue hilo kabla ya kubadilisha, asije akanilaani wateja wakimkimbia.

Manjano nayo ina tahadhari yake. Huko Bangladesh wafanyabiashara walikuwa wakiipaka kromati ya risasi ili ing'ae, na risasi huharibu ubongo wa mtoto bila dalili. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikuwa na risasi. Serikali ikatangaza, ikaingia masokoni na vipimo vya mkononi, ikatoza faini hadharani. Mwaka 2021 hazikupatikana hata moja. Walikwenda dukani.

Kwetu mamlaka ya chakula ilihamia TBS, shirika la viwango, mwaka 2019 kutoka iliyokuwa TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, na maabara kubwa iko Ubungo, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Sumbawanga. Mjasiriamali mdogo anaweza kuanzia SIDO, shirika la viwanda vidogo, na kupata barua ya kumtambulisha TBS. Aliye karibu zaidi ni afisa afya wa kata, na sheria inayomtaka muuzaji wa kiongeza chakula aweke lebo ipo mkononi mwake. Akisema tu kwamba hakuna rangi ya chakula kuuzwa kwa kijiko wala kwenye kifuko kisicho na namba, jina la mtengenezaji na tarehe, atakuwa amepunguza hatari kuliko semina kumi za lishe.

Na hahitaji kusubiri Ubungo ili ajue aanzie wapi. Maabara ya kemia ya Kantalamba au sekondari yoyote ina karatasi ya kuchujia. Tone la rangi likipandishwa na maji ya chumvi hujitenga, na likiwekwa kando ya rangi ya kopo lenye lebo huonyesha kama ni ileile. Rodamini B ni rahisi zaidi. Iyeyushe kidogo kwenye maji, izime taa, imulike kwa ile taa ya zambarau ambayo wakala wa pesa anakagulia noti bandia: hung'aa rangi ya machungwa. Eritrosini nayo hung'aa kidogo, kwa hiyo mng'ao si hukumu ya mwisho. Ni sababu ya kukifunga kifuko hicho, kuandika jina la duka juu yake, na kukituma Ubungo kabla ya vingine.